Munyu wa Somo la Sita

Sijamsamehe Dokta, na sina mpango wa kumsamehe. Watu wa kanisani kwetu wakinisikia nikisema hivyo hunikumbusha Baba Yetu, pale pa kuwasamehe waliotukosea, nami huwaambia kwamba pale huwa napapita kimya, natikisa midomo tu. Akutendaye mtende. Alinitenda, nikamtenda, na siku nilipomtenda nilisikia utamu mpaka kwenye visigino. Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia yakisimuliwa vibaya hapa Busia, eti nilimroga yule mtu.

Sikumroga. Nilimpigia taipu.

Ilikuwa mwaka uliofuata ile mvua kubwa ya Elnino. Nilikuwa karani katika kituo kimoja cha elimu, mwendo mfupi tu kutoka geti la mpaka, na kazi yangu ilikuwa kupiga taipu mitihani ya shule za msingi na barua za wakubwa. Nilikuwa na cheti cha uhazili na vidole ambavyo havikuhitaji msaada wa macho. Ndipo ukaja mradi. Vyuo vikuu vitatu, kimoja cha nchi ya baridi huko Ulaya, kimoja cha Uganda na kimoja cha humu nchini, vilikuwa vimeungana kufundisha kozi moja kwa kompyuta: mambo ya maji, udongo, misitu na vinamasi, na namna ya kuvitumia bila kuvimaliza. Mwanafunzi angekaa kwao, asome somo lililoandikwa kwingine, aulize swali kwa barua ya kompyuta, ajibiwe na mtu ambaye hatamwona maisha yake yote. Sisi tulifanywa kituo cha nyanjani, kwa sababu tuna vinamasi na tuna mpaka, na nadhani pia kwa sababu simu yetu ilikuwa inaita siku nyingi kuliko simu za wengine.

Kompyuta yenyewe ilitokea Kampala kwa lori ikakwama Malaba mikononi mwa watu wa forodha. Nani akatumwa kuifuata? Mimi. Siku tatu nilikaa kwenye benchi pale Malaba katikati ya madereva wa malori, nimeshika barua yenye mihuri minne, nikiambiwa mkubwa ametoka kidogo. Nilipoipata niliileta Busia kwa pikapu, na kutoka stendi nikaipakia kwenye baiskeli mbili za bodaboda, kioo kwenye moja, sanduku kwenye nyingine, vimefungwa kwa mipira ya tyubu. Mimi nilitembea katikati, mkono mmoja huku na mwingine kule. Watu walidhani ni televisheni, wakaniuliza mechi ni lini.

Tuliambiwa kompyuta haitaki vumbi. Basi chumba kikatandikwa zulia, pazia zito likatundikwa, na mke wa mlinzi akashona kitambaa cha maua cha kuifunika ikilala. Kila aliyeingia alivua viatu mlangoni, hata wakubwa wa elimu wa wilaya. Ndivyo tulivyofanya wakati ule, na hakuna aliyecheka.

Dokta alikuwa mratibu wa mradi kwa upande wetu. Alikuja kutoka Nairobi kila wiki ya pili, mtu mrefu, suti ya kahawia, sauti ya kuhutubia hata akiomba chai. Aliamini kwamba mionzi ya kile kioo inaharibu macho. Aliamini pia kwamba kupiga taipu ni kazi ya wasichana. Kwa hiyo yeye alikaa kwenye kochi karibu na dirisha, miguu yake yenye soksi imetangulia, kidole gumba kimoja kikichungulia kwenye tundu, akasema. Mimi nikaandika. Msishangae, miaka ile hakukuwa na mkubwa aliyegusa kibodi. Kumwomba aandike mwenyewe ingekuwa sawa na kumpa ndoo apige deki.

Na alikuwa hajui kitu, jamani. Vitabu alisoma, hilo sikatai, lakini pande hizi zetu alizijua kwa dirisha la gari. Akisema Mto Sio unamwaga maji yake Nzoia, mimi niliandika unamwaga ziwani. Akisema Rukala iko Teso, mimi niliirudisha Budalang'i nilikoijua tangu utoto, na mafuriko yake yote. Alikuwa hasomi nilichoandika. Masomo matano yalikwenda Ulaya na Kampala yakiwa yamenyooka, sifa zikarudi kwake, nami sikuona ubaya. Karani mzuri hufunika aibu ya mkubwa wake, ndivyo nilivyofundishwa.

Kisha likaja somo la sita. Liwe juu ya kitu ambacho wenyeji wanakijua na vitabu havikijui, ndivyo vyuo vilivyokubaliana. Dokta akanigeukia.

"Wewe ni wa hapa," akasema. "Nitafutie kitu cha kienyeji. Kurasa kumi."

Nilijua hapo hapo kwa kwenda. Nilikwenda kwa mama.

Mama yangu alikaa chini ya mji, karibu na kinamasi cha Sio, na alikuwa anachuja munyu. Sisemi chumvi ya duka. Munyu wetu ni maji ya majivu, wa rangi ya chai ya rangi, ambao ukitia kijiko kimoja kwenye mrenda au kunde, mboga inalainika na kukolea mpaka mtu anasahau nyama. Jirani zetu Wateso wanauita abalang. Wanawake wengi walichuja wa maganda ya maharagwe, lakini wa mama ulikuwa wa nyasi za kinamasini, na watu walitoka mbali na chupa zao kuufuata. Hakukata nyasi mbichi hata siku moja. Alingoja zizeeke zenyewe, zigeuke kahawia, akakata kipande kimoja cha kinamasi na kukiacha kipumzike mvua mbili nzima kabla ya kukirudia. Upande wa chemchemi hakugusa kamwe. Watu wa mradi walikuwa wanatafuta maneno ya kueleza jambo hili kwa mamia ya kurasa, na mama alikuwa analifanya akiwa na panga na kamba.

Lakini mama hakuwa mtu wa kutoa vitu hivi hivi, na alikuwa na sababu. Zamani kidogo walikuja watu na kamera, wakampiga picha ameinama juu ya chungu chake, wakamshukuru sana, wakaenda zao. Miaka miwili baadaye alikwenda zahanati na jino bovu, akajikuta ukutani. Yeye mzima, na chungu, kwenye karatasi kubwa inayong'aa. Akamwomba nesi amsomee maandishi ya chini. Nesi akasoma: "Mwanamke wa kijijini akitengeneza chumvi ya kienyeji." Mama akauliza, na jina langu liko wapi? Nesi akacheka, si kwa ubaya, akamwambia, "Lakini mama, si ni wewe tu."

Mwezi ule ule mama alijiandikisha gumbaru, darasa la watu wazima. Alikaa na wazee wenzake mpaka akajua kuandika na kusoma jina lake, majina yote mawili. Kisha akaacha. Mwalimu alipokuja nyumbani kumbembeleza, alimwambia, "Nimepata nililokuja kutafuta."

Kwa hiyo nilipomweleza habari ya somo, hakukubali mara moja.

"Wangapi watasoma?"

"Wengi, mama. Ulaya, Uganda, Nairobi."

"Nitakwambia yote," akasema. "Hata yale sikuwaambia wale wa kamera. Lakini jina langu liwe juu. Hao watu wakisoma wajue ni nani anayechuja."

"Haki ya Mungu, mama, litakuwa juu."

"Usiape. Andika."

Wiki tatu nilikuwa nashinda naye Jumamosi na Jumapili baada ya kanisa. Alinionyesha jinsi ya kuchoma nyasi kwenye ardhi iliyofagiliwa, majivu yasichanganyike na mchanga. Alinionyesha chungu kilichotobolewa chini, nyasi laini za kuziba matundu nusu, na chungu kingine cha kupokea. Maji humwagwa kidogo kidogo, kwa kata, na huna ruhusa ya kukoroga wala kuharakisha. Alichovya unyasi kwenye munyu, akaugusisha ulimi, akanipa nami. "Ukikuuma hapa, umeiva. Ukikuuma mpaka huku, umezidi." Tangu nizaliwe nilikuwa nikiula ule munyu, na siku ile ndiyo nilijua kwamba nilikuwa sijui kitu. Ukiona vyaelea vimeundwa.

Niliandika kurasa kumi na mbili. Juu kabisa niliandika, Mwalimu wa somo hili ni, kisha majina mawili ya mama. Chini yake, Limeandikwa na, kisha langu.

Dokta alilisoma kwenye kochi, kalamu nyekundu mkononi. Alisoma kimya, jambo lisilo la kawaida kwake. Alipomaliza alirudi ukurasa wa kwanza, akapiga mstari mmoja mwekundu juu ya mama na juu yangu, akaandika jina lake, na vyeo vyake vyote mbele kama mabehewa. Kwenye ukurasa wa mwisho akaongeza sentensi moja kwa mkono: Shukrani kwa wanawake wa kijijini walioshiriki. Kisha akanirudishia.

"Safi sana. Piga upya hivyo."

Nikamwambia, "Dokta, na jina la mama?"

"Mama yako ni profesa?" Akacheka, tumbo likatikisika. "Sikiza. Huko ng'ambo hawatafuti majina ya akina mama wa vijijini. Wanatafuta mtaalamu."

"Na mimi niliyeandika?"

"Wewe kazi yako ni vidole. Kichwa ni changu." Akachukua kikombe chake cha chai. "Na tena, nimepata habari kwamba unabadilisha maneno yangu. Acha kiherehere. Kuanzia leo unaandika ninachosema, neno kwa neno. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Dokta."

Nilipiga. Nataka hilo lijulikane, nilipiga taipu kwa vidole hivi hivi, mstari wa wanawake wa kijijini ukiwemo, kwa sababu kazi zilikuwa adimu na nilikuwa na hofu. Modemu ikalia kilio chake, simu ikashika Nairobi, na somo likaenda. Nilirudisha kitambaa cha maua juu ya kompyuta, nikaenda chooni, nikalia kwa hasira mpaka pua ikaziba. Na hapo chooni ndipo nilipoapa kwamba yule mtu nitamwonyesha kilichomtoa kanga manyoya.

Somo la sita lilipendwa kuliko yote. Barua zilikuja kila siku. Wanafunzi wa Ulaya walisema hawajawahi kusoma kitu kama kile, kana kwamba mwalimu amekaa nao jikoni. Dokta alinifanya nimsomee mara mbili mbili. Mwisho yule mama profesa wa Ulaya aliyekuwa mkuu wa kozi akamwandikia kwamba wanataka aende kule, azungumze mbele ya watu. Ala! Mtu akavimba. Alinituma sokoni kumtafutia koti zito la mitumba, nami nikaenda, nikapangua marundo mpaka nikapata la sufu, jeusi, la kumfika magotini. Alilijaribu mbele ya dirisha, ndani ya joto la Busia, na soksi zake za tundu. Akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango likingoja safari.

Kila nilipokwenda nyumbani, mama aliniuliza swali moja. "Wamesoma?"

"Wamesoma, mama. Wamependa sana."

"Na jina limeonekana vizuri?"

"Limeonekana."

Nilimdanganya mara nne. Kila uongo niliuandika kwenye hesabu ya Dokta, si yangu. Nilijiambia, ngoja, siku ikifika jina lako litarudi juu, na yeye atakuwa chini.

Siku ilifika. Kabla ya safari, vyuo vilipanga mazungumzo ya moja kwa moja: saa tisa mchana kwa saa zetu, wanafunzi wa pande zote wakae mbele ya kompyuta kwa pamoja, waulize maswali juu ya somo la sita, na mwandishi awajibu hapo hapo. Unachoandika kinatokea kwenye vioo vyote mara moja, na ukishakibonyeza hakirudi. Nilimweleza Dokta hivyo. Akapunga mkono.

"Mimi nitasema, wewe utaandika. Kama kawaida."

"Neno kwa neno, Dokta?"

"Nilisemaje?"

Nilioga vizuri siku ile. Nilivaa blauzi yangu ya Jumapili. Dokta akakaa kwenye kochi, akakunja nne, na simu ikashika mara ya kwanza bila kusumbua, kana kwamba nayo ilikuwa inamtafuta.

Swali la kwanza lilitoka Ulaya. Nyasi hukatwa wakati gani, na zikiwa katika hali gani? Ilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa somo, kwa undani, lakini mwanafunzi alitaka kusikia zaidi. Nilimsomea. Dokta hakuwa ameuangalia ule ukurasa tangu siku ya kalamu nyekundu.

"Mwambie zinakatwa zikiwa mbichi," akasema. "Changa kabisa, kwa sababu ni laini. Mwaka mzima. Zinaota tu, hazina shida."

Siku nyingine zote vidole vyangu vingegeuza jibu lile kabla halijafika kwenye kioo. Siku ile niliviachia. Niliandika: zinakatwa zikiwa mbichi, changa kabisa, mwaka mzima, zinaota tu, hazina shida. Nikabonyeza.

Kisha Kampala wakauliza munyu hukingwa kwenye chombo gani.

"Sufuria," akasema Dokta. "Sufuria ya kawaida ya alumini. Lazima twende na wakati."

Niliandika. Mwanafunzi mmoja wa Ulaya aliyesoma kemia akaja mbio: maji ya majivu makali yanakula alumini, je, mwalimu ana hakika? Nikamsomea Dokta. Akasema, "Mwambie Afrika sufuria zetu ni imara." Nikaandika: Afrika sufuria zetu ni imara. Nilikuwa nimeuma ulimi nisicheke, na mgongo wangu ulikuwa umenyooka kama wa bibi harusi.

Swali la tatu lilikuwa kipimo. Sufuria moja ya mboga, munyu kiasi gani?

"Glasi moja. Iliyojaa."

Glasi moja! Mtu akila mboga ile anaita wazima moto. Niliandika glasi moja, iliyojaa, na nikaongeza nukta kwa unadhifu.

Kampala hawakungoja. Kuna mwanafunzi huko, mwenyewe alisema nyanya yake ni wa upande wa Tororo na anachuja abalang mpaka leo. Aliandika kwamba nyanya yake angemfukuza jikoni mtu huyu kwa mwiko. Kisha akaandika mstari mwingine: Aliyeandika somo na anayejibu hapa si mtu mmoja.

"Wanasema nini?" akauliza Dokta. "Mbona umenyamaza?"

Nilimsomea, taratibu, kwa sauti safi, kama ninavyosoma waraka kanisani.

Alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze alikuja karibu na kompyuta, lakini kioo hakukitazama, alikuwa ananitazama mimi. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mdomo wa juu. Akaacha Kiingereza chake, akaanguka kwenye Kiswahili.

"Ebu waambie ni makosa ya karani. Andika. Huyu msichana ni wa fomu foo tu, hajui kitu, anaandika ovyo. Waambie mtaalamu ni mimi, yeye ni vidole tu. Andika haraka, mjinga wewe!"

Neno kwa neno, Dokta.

Niliandika: Ebu waambie ni makosa ya karani. Andika. Huyu msichana ni wa fomu foo tu, hajui kitu, anaandika ovyo. Waambie mtaalamu ni mimi, yeye ni vidole tu. Andika haraka, mjinga wewe! Kwa Kiswahili, jinsi alivyosema, na alama ya mshangao mwishoni. Nikabonyeza. Hata leo nikiwa na siku mbaya nakumbuka mlio wa ile kibodi na moyo unatulia.

Ulaya waliuliza ni lugha gani. Wa Tororo akawatafsiria kila neno, hakuacha hata mjinga. Dokta sasa aliinama akasoma, midomo ikifuata maneno, mionzi au si mionzi. Nilimwona anapofika mwisho. Alikwenda mlangoni akaanza kutafuta viatu vyake, na alivaa cha kushoto mguu wa kulia kabla ya kugundua.

Yule mama profesa, mkuu wa kozi, ndipo akaandika. Karani, uko hapo? Tafadhali tuambie, ni nani aliyetoa somo la sita?

Niliandika: Ni mimi. Nikaandika jina langu la ubatizo, la ukoo, na la baba. Nikabonyeza.

Wakaanza kunipongeza, mstari juu ya mstari, Ulaya, Kampala, Nairobi. Simu haikukatika. Natamani ningeweza kusema ilikatika. Ilishika nusu saa nzima, nikajibu maswali yao yote kwa usahihi, nyasi kavu, chungu, kijiko kimoja, na wakazidi kunisifu, na mimi nikazidi kujibu.

Dokta hakwenda Ulaya. Mratibu mwingine akaletwa, na koti lilibaki kwenye msumari mpaka mlinzi alipoanza kulivaa akiwa zamu. Dokta nilimwona mara moja tu baadaye, pale mjini, akavuka barabara kunikwepa. Thubutu anisalimie! Baada ya mwezi hivi, bahasha nene ilifika kutoka Ulaya. Walikuwa wamechapisha masomo yote kwenye karatasi nzuri, na juu ya somo la sita palikuwa na jina langu, herufi nzito nyeusi.

Sikungoja Jumamosi. Niliomba ruhusa, nikashuka nyumbani mchana ule ule. Mama alikuwa uani, mboga ya kunde mekoni, chungu cha kuchujia nyuma yake kikidondoka kwenye kingine. Nilimsimulia yote ya siku ile nikiwa nimesimama, nikiigiza Dokta na soksi zake, na viatu alivyovaa kinyume. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Mbichi? Alisema mbichi? Na glasi!" Akafuta machozi kwa kanga. Kisha akaosha mikono, akaikausha vizuri, akainyoosha.

"Lete nione."

Nilimpa kurasa za somo la sita. Akaziweka magotini na kuanza kutafuta, kidole chini ya kila mstari, taratibu, kama alivyofundishwa gumbaru. Aliyajua maneno mawili tu duniani, majina yake, na alikuwa anayatafuta. Alifika kwenye jina langu, kidole kikasimama kwenye jina la ukoo, maana tunalishiriki, kisha kikaendelea. Akamaliza ukurasa. Akageuza. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka. Nilianza kusikia chungu kinavyodondoka.

Aligeuza kurasa zote kumi na mbili. Kwenye ya mwisho palikuwa na mstari mmoja peke yake, nao hakuweza kuusoma, akanigeuzia.

"Hapa pameandikwa nini?"

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mstari ule niliupiga taipu mwenyewe, sikuufuta, wala siku ya raha zangu sikuukumbuka. Nilimsomea. Shukrani kwa wanawake wa kijijini walioshiriki.

Mama aliukunja ule mkusanyo kufuata mikunjo yake ya bahasha, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayerudisha kitu cha mgeni.

"Mama, nitawaandikia kesho. Watabadilisha."

"Kaa ule," akasema. "Umetoka mbali."

Alinipakulia ugali na kunde. Nilitia tonge mdomoni. Mboga zilikuwa ngumu, chungu, zimepikwa kwa maji matupu. Tangu nizaliwe sikuwahi kula mboga ya namna ile kwenye sahani za mama.

"Mama, hukutia munyu."

"Umeisha," akasema, na nyuma ya mgongo wake chungu kikadondosha tone, kikadondosha lingine.